Kisahani Hakina Tumbo

Siku niliyoiua saratani ilikuwa Alhamisi, saa kumi jioni, umeme ukiwa umekatika na kurudi mara mbili. Mbele yangu palikuwa na kibao cha plastiki chenye vishimo 96, kipana kama kiganja, na ndani ya vishimo hivyo nilikuwa nimelea seli za saratani ya shingo ya kizazi tangu Jumatatu. Baadhi nilizimwagia diklofenaki, ile ile ya mgongo na magoti. Baada ya siku mbili nikaongeza rangi ya njano ambayo seli iliyo hai huigeuza zambarau. Iliyokufa haigeuzi kitu. Vishimo visivyo na dawa vikakolea kama ganda la biringanya. Vile vyenye dawa nyingi vikabaki njano, kama mkojo wa asubuhi.

Nilipiga picha nikawatumia watu saba. Nikaandika: "Zimekufa zote." Jumapili yake nikaipeleka picha hiyo Tandika, kwa shangazi.

Shangazi wakati huo alikuwa wiki ya kwanza ya mionzi, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, alipanda daladala alfajiri kutoka Tandika hadi mjini, akamalizia kwa bodaboda hadi kule ufukweni, kwenye lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari. (Barabara yenyewe siku hizi inaitwa Barack Obama, lakini mwambie bodaboda "Ocean Road" uone atakavyokufikisha haraka.) Saratani yake ilikuwa ya shingo ya kizazi, ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa naifuga kwenye vishimo. Sikuichagua kwa ajili yake. Seli ndizo zilizokuwepo maabara, na ugonjwa ndio huo unaoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Lakini utaona jinsi bahati mbaya inavyojipanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Hizo seli zako hazikupi nafasi ya kula?"

Tulikula pilau, na kachumbari ambayo yeye hakuigusa kwa sababu mionzi ilishaanza kumvuruga tumbo. Nikatoa simu. Nikamwonyesha zambarau, nikamwonyesha njano. Nikamweleza kwa fahari ya mtu aliyepata digrii juzi na hajawahi kukosea hadharani.

"Dawa gani hiyo?"

"Diklofenaki."

"Ile ya magoti?"

"Ile ile, shangazi. Haina hata miujiza."

Akanyamaza, akairudisha simu. Nilidhani amechoka.

Turudi maabara. Sitaitaja jina, maana makosa mengi ninayosimulia hapa ni yangu mwenyewe. Seli tulizokuwa nazo zinaitwa HeLa. Zilichukuliwa mwaka 1951 kwenye hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, kutoka kwenye uvimbe wa mama mmoja mweusi, Henrietta Lacks, bila yeye kuulizwa. Alifariki Oktoba mwaka huo huo. Seli zake hazikufariki. Zinagawanyika hadi leo katika maabara za dunia nzima, na kichupa kimoja kilifika Dar es Salaam, kikawekwa kwenye pipa la naitrojeni ya kimiminika, ile ile wanayotunzia mbegu za ng'ombe wa kupandisha. Kuipata ilikuwa kazi ya kubembelezana. Seli zinataka joto la nyuzi 37, hewa yenye kabonidayoksaidi asilimia 5, maji yenye sukari na chumvi kwa vipimo, na juu yake damu ya ndama iliyochujwa. Zinadekezwa kuliko mtoto wa mwisho. Umeme ukikatika usiku, unaamka kitandani Kimara ukiwaza kabati la mjini.

Nasema haya ili ujue kitu: seli ya maabara ni kiumbe dhaifu sana. Ina kila kitu ilichopewa na haina chochote cha kwake. Kuiua si kazi.

Ijumaa, siku moja baada ya ushindi wangu, msimamizi wangu alikuja kukitazama kibao. Tulimwita Mwalimu, mama mmoja mpole wa sauti na mkali wa maswali. Akasema, "Hongera." Kisha: "Na chumvi umejaribu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alitoka akarudi na chumvi ya mezani kutoka jikoni kwa wahudumu, akaiweka kwenye karatasi mbele yangu.

Chumvi ilichukua siku nne, na ile Jumapili ya pilau ilianguka katikati yake. Nilipokwenda Tandika sikuwa na jibu bado. Jumanne jibu likaja: kwenye kiwango kidogo, zambarau, kiwango kikubwa, njano tupu, nzuri kuliko ya diklofenaki. Mwalimu akasimama nyuma ya bega langu. "Kwa hiyo tuandike kwamba chumvi inatibu saratani?"

Halafu tukakaa chini tukafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kununua poda. Kishimo changu cha njano kilikuwa na diklofenaki mikromola 200 (hicho ni kipimo cha ukolezi wa dawa kwenye maji). Mtu akimeza kidonge cha miligramu 50, dawa kwenye damu hupanda hadi mikromola 5 hivi, hukaa kileleni muda mfupi, na kila baada ya saa moja au mbili nusu ya iliyopo huwa imeshaondoka. Na hata hizo 5 hazipo huru: zaidi ya asilimia 99 ya diklofenaki ndani ya damu imeshikwa na protini kama abiria aliyebanwa katikati ya daladala, anayekiona kituo chake kikipita. Seli zangu zilioga kwenye mara 40 ya kiwango kile cha kilele, saa 48 mfululizo, bila ini la kuisaga dawa wala figo la kuitoa.

Aspirini nayo ni hivyo hivyo. Utakuta majaribio mengi ya seli yametumia milimola 5, mengine 10, na milimola moja ni mikromola elfu. Mgonjwa mwenye milimola 5 za salisileti, yaani aspirini ikishavunjwa mwilini, kwenye damu ni mtu aliyezidisha vidonge: masikio yanavuma, anahema kama aliyekimbizwa, na madaktari wanafikiria mashine ya kusafisha damu. Kidonge cha miligramu 75 wanachopewa wenye matatizo ya moyo hakifiki hata karibu na hapo.

Kuna jambo jingine la aibu zaidi kisayansi. Dawa hizi zinajulikana kwa kuzuia vimeng'enya viwili, COX-1 na COX-2. Sasa kuna seli za saratani ya utumbo mpana ziitwazo HCT-116 ambazo COX-2 hazina. Zimwagie dawa ya kuzuia COX-2 kwa wingi: zinakufa vile vile. Ukipiga teke mlango ambao haupo na nyumba ikaanguka, basi kilichoiangusha si kuvunjika kwa mlango. Wapo watafiti walioifuata njia hiyo kwa makini, wakitafuta dawa inagusa nini kingine ndani ya seli, na hiyo ni kazi ya heshima. Wengine waliandika tu kwamba seli zimekufa, wakaenda nyumbani. Nilikuwa kundi la pili, na picha nilishasambaza.

Lakini nisije nikakuvusha upande wa pili ukadhani wazo lenyewe ni la kipuuzi. Wazo ni zuri, na ni la zamani. Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani, mwaka 1863 aliona chembe nyeupe za damu zimejazana ndani ya vivimbe vya saratani, akahusisha saratani na mchochota, yaani ule moto wa mwili unaojibu jeraha kwa kuvimba, joto na maumivu. Mwaka 1986 Harold Dvorak akaandika kwamba uvimbe wa saratani unafanana na kidonda kisichopona. Nilipomsoma mara ya kwanza nilitabasamu, maana bibi yangu alikuwa na neno lake tayari: donda ndugu. Lile linalokaa na wewe, linalishwa na mwili wako, halifi wala halikuachi.

Na mifano tunayo hapa nyumbani. Kichocho cha mkojo: minyoo inataga mayai kwenye ukuta wa kibofu, mwili unayapiga vita miaka nenda rudi, na baadhi ya waathirika wanaishia na saratani ya kibofu. Homa ya ini aina ya B hufanya yake kwenye ini. Mahali panapowaka miaka ishirini, seli zinakufa na kuzaliwa upya bila kupumzika, na katika kuzaliwa huko makosa hujipenyeza. COX-2 ni fundi anayeitwa kwenye dharura: anatengeneza kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, zinazoita mishipa ya damu, zinazohimiza seli zigawanyike, zinazowapunguzia askari wa mwili ukali. Kwenye jeraha la kawaida fundi anamaliza, anaondoka. Kwenye saratani nyingi za utumbo fundi amehamia na familia yake.

Kwa hiyo kumfukuza fundi kuna mantiki. Aspirini yenyewe ilitengenezwa na Felix Hoffmann katika kampuni ya Bayer mwaka 1897, miaka ile ile Wajerumani walipokuwa wakiinua kuta za Ocean Road. Ilimezwa miaka zaidi ya sabini bila mtu kujua inafanyaje kazi, hadi John Vane alipoonyesha mwaka 1971 kwamba inazuia prostaglandini. Akapata Nobeli 1982. Mwaka 1988 Gabriel Kune na wenzake kule Melbourne wakaripoti kwamba wagonjwa wa saratani ya utumbo walikuwa wametumia aspirini kidogo kuliko watu wengine. Hapo ndipo dunia ilipoamka. Mwaka 1993 watu 22 waliorithi ugonjwa wa kuota vijinyama mamia kwenye utumbo walishirikishwa katika jaribio la sulindaki, ndugu yake diklofenaki: kwa waliopewa dawa, vijinyama vikapungua idadi na ukubwa. Dawa ilipoachwa, vikaanza kurudi.

Halafu ikaja Vioxx. Hii naisimulia kila ninapopata nafasi. Ilikuwa dawa mpya ya kuzuia COX-2 peke yake, iliyosifiwa kwa kuliacha tumbo salama. Wakaijaribu kwa watu zaidi ya 2,500 waliowahi kutolewa vijinyama vya utumbo, kuona kama itazuia vingine visiote. Jaribio la kuzuia saratani, kwa nia safi kabisa. Ndilo lililofichua kwamba waliokunywa dawa kwa muda mrefu walipata mishtuko ya moyo na viharusi zaidi ya waliopewa vidonge vitupu, visivyo na dawa. Septemba 2004 kampuni ya Merck ikaiondoa sokoni dunia nzima. Kibao chenye vishimo 96 kisingeweza kuliona hilo hata kingekaa kabatini karne nzima. Hakina moyo.

Wala sisemi kwamba hakuna kilichovuka. Prednisoloni na deksamethasoni ni dawa za kutuliza mchochota, na zinaua kweli chembe nyeupe za damu zilizoasi. Watoto wenye saratani ya damu wanapewa kama sehemu ya tiba, miongo mingi sasa. Hizo zilivuka kwa sababu kiwango kinachoua seli kinafikika mwilini na seli zenyewe zina mahali pa kuipokea dawa. Na mwaka 2025 watafiti wa nchi za Skandinavia walitoa matokeo ya jaribio liitwalo ALASCCA: wagonjwa wa saratani ya utumbo waliokwisha kufanyiwa upasuaji, ambao uvimbe wao ulikuwa na mabadiliko fulani ya vinasaba, walipewa aspirini miligramu 160 kwa siku kwa miaka mitatu. Katika kundi moja la mabadiliko hayo, saratani ilirudi kwa asilimia 7.7 ya waliokunywa aspirini, dhidi ya 14.1 ya waliokunywa vidonge vitupu. Hiyo ni karibu nusu, kwa kidonge cha bei ya chini kuliko kitumbua.

Nilifurahi sana siku hiyo. Kisha nikakumbuka jaribio jingine la Marekani na Kanada, wanawake na wanaume wapatao 3,000 waliotibiwa saratani ya matiti, aspirini miligramu 300: halikuonyesha faida, likasimamishwa mapema. Na lile la wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani, matokeo yake yalitoka 2018, ambapo waliokunywa aspirini kila siku walikufa zaidi kidogo kuliko wenzao, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa vifo vya saratani. Dawa ile ile. Saratani nyingine, mwili mwingine, umri mwingine.

Haya yote nayajua sasa. Ile Jumanne ya chumvi nilijua robo yake, na robo hiyo ilitosha kabisa kunirudisha Tandika jioni ile ile nikamwambie shangazi: lile nililokuonyesha lifute. Sikwenda. Nilikuwa na kibao kingine cha kupanda, nilikuwa na aibu, na nilijiambia kwamba yeye ni mtu mzima, ana madaktari wake, hawezi kushika maneno ya kijana mwenye simu.

Wiki ya nne ya mionzi binamu yangu alinipigia saa tano usiku. Shangazi ametapika kitu cheusi, kama mashapo ya kahawa. Choo chake siku tatu ni cheusi kama lami na hajamwambia mtu. Tulimkuta amekaa kwenye mkeka, kanga imeloa jasho, anaomba radhi kwa kutusumbua. Kwenye teksi alishika mkoba wake kwapani hakuuachia. Hospitalini muuguzi alipotaka kadi ndipo mkoba ukafunguliwa, na karatasi za vidonge zikatoka: moja, mbili, tano. Vyote diklofenaki. Alikuwa anameza viwili asubuhi na viwili usiku, asubuhi bila kula, kwa sababu chakula kilikuwa hakipiti. Alivinunua duka la dawa la mtaani, karatasi kwa karatasi, na hakuna aliyemuuliza kitu, mama wa miaka hamsini na nane mwenye magoti.

Prostaglandini zile zile zinazoitumikia saratani ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali yake, na ndizo zinazoweka wazi mishipa ya figo. Ukizizima, unazizima kote. Na shangazi kila wiki alikuwa anatundikiwa sisplatini pamoja na mionzi, dawa ya saratani ambayo yenyewe ni nzito kwa figo. Diklofenaki juu yake ni kumwongezea punda mgonjwa gunia. Daktari wa zamu, kijana wa umri wangu, aliniuliza kwa upole, "Nani kamwambia anywe hivi?" Nikasema ni mimi. Nadhani alitegemea niseme mganga.

Alipewa damu chupa mbili. Sisplatini ikasimamishwa, mionzi ikakatizwa siku kadhaa, na kwa saratani ya shingo ya kizazi kukatiza mionzi si jambo dogo. Ratiba ile imepangwa hivyo kwa sababu uvimbe nao hutumia mapumziko. Kila siku niliyomsindikiza baadaye, tukikaa kwenye benchi tukisikia upepo wa bahari, nilikuwa nahesabu zile siku. Yeye hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilikuwa gumu kuliko kulaumiwa. Mara moja tu alisema, akitazama meli inayongoja kuingia bandarini: "Wewe ulisema zimekufa zote."

Alimaliza. Mionzi ya nje, kisha ya ndani, kisha kliniki kila miezi mitatu. Uvimbe ulipotea kwenye vipimo na hadi sasa haujaonekana tena. Kazi yake ya kupika vitumbua ameirudia, ila moto anawasha binti yake. Magoti bado yanamsumbua, na anachua kwa mafuta.

Mwezi uliopita nilikuwa naye kibarazani, saa za magharibi, akichagua mchele kwenye ungo. Bila kuinua kichwa akaniuliza:

"Zile seli zako bado zipo?"

"Zipo shangazi. Haziishi."

"Ulisema za mwanamke."

"Za mwanamke. Mmarekani. Ana watoto watano alioacha."

"Na ugonjwa wangu huu huu?"

"Huo huo."

"Watoto wakaambiwa?"

Nikamweleza kwamba familia ilikuja kujua baada ya miaka zaidi ya ishirini, na kwamba mwaka 2023 ndipo ilipofikia makubaliano na kampuni moja iliyokuwa ikiziuza. Akaguna. Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani.

"Maskini. Na yeye magoti yalikuwa yanamuuma?"

"Alikufa na miaka 31, shangazi."

"Ah," akasema, akaurusha mchele juu mara moja, ukarudi wote kwenye ungo. "Basi magoti bado."